Mifupa ya Pazia

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, Pazia alikuwa anakunja kitambaa cheusi. Alikivua kutoka kwenye mfuko uliokuwa umening'inia juu ya kitanda chake usiku kucha, akakikung'uta, akakikunja ncha kwa ncha mpaka kikawa kidogo kama leso, halafu akakiweka juu ya mto. Hapo ndipo alipokohoa. Kile kikohozi ndicho kilichokuwa salamu yake. Mama yake akikisikia kule jikoni alijua mtoto ameamka, mrija umeshachomolewa, siku imeanza.

Mfuko ule ulikuwa chakula chake. Alipokuwa mdogo utumbo wake ulijisokota tumboni kama kamba iliyokosa mtu wa kuikunja, na madaktari wakalazimika kuukata, wakamwachia kipande ambacho hakitoshi kumshibisha hata paka. Tangu hapo akila kwa mdomo chakula kinapita tu, kama mgeni aliyekataa kuvua viatu. Kwa hiyo alilishwa kwa njia nyingine. Usiku mama yake alinawa mikono mpaka viwikoni, akavaa glavu, akaunganisha mfuko mweupe kama maziwa na mrija uliotoka kifuani kwa binti yake, na pampu ndogo ikaanza kunguruma. Chakula kiliingia moja kwa moja kwenye damu. Alipokuwa mkubwa Pazia akaanza kujiunganisha mwenyewe, mama akabaki kusimamia. Mafundi wa karakana walisema huyu ndiye mtu pekee mjini anayekula huku amelala, na sahani haoshi.

Karakana ilikuwa ya baba yake. Alikuwa mkata vioo, na watu wote walimwita Fundi, hata mkewe. Karakana ilitazama barabara, nyumba ilikuwa nyuma yake, na chumba cha Pazia kilibanwa katikati, chenye dirisha moja la kutazama uani na jingine dogo la kutazama karakana. Kupitia hilo dogo aliyaona yote. Aliona vioo vikubwa vilivyosimamishwa kwenye fremu za mbao kimoja nyuma ya kingine. Aliona jinsi baba yake alivyokwaruza mstari mmoja tu kwa kile kikatio chake, akagonga kidogo kwa chini, na kioo kikaachana kama watu waliokwisha kuelewana. Aliona pia ile desturi ya kutoa kioo kikubwa. Mlango wa karakana ulikuwa wa mbao wenye mabawa mawili, na siku zote bawa moja lilifungwa kwa komeo juu na chini. Kioo kikubwa kikitoka, Fundi mwenyewe alifungua mabawa yote mawili akainua kidole kimoja, mafundi wakaweka vyombo chini, na mtu aliyebeba kioo hakuitwa kwa nyuma hata kama amesahau viatu vyake. Ukimwita atageuka. Akigeuka, kioo kitageuka naye, na hapo kila mtu atafute ufagio.

Jina la Pazia alipewa na fundi mkubwa kuliko wote pale, baba wa watu mwenye mwili wa kabati na mikono iliyojaa makovu, ambaye naye aliitwa Taratibu kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni. Kwenye lile dirisha dogo kulikuwa na pazia jeusi, zito, na kwa miaka mafundi walichokiona cha binti wa Fundi kilikuwa ni jicho na nusu ya pua. Siku moja Taratibu akauliza, "Hilo pazia limeshakunywa chai?" Jina likakaa.

Sasa habari ya hilo pazia ndiyo yenyewe. Siku Pazia alipotolewa hospitali akiwa mdogo, mtu wa chumba cha dawa alimshika mama yake mkono akamwambia kwa mkazo kwamba mfuko huu usipigwe na mwanga, mwanga unaharibu vitamini zilizomo. Mama alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Akaenda dukani akanunua kitambaa kizito cheusi, jora zima, akashona gauni la mfuko. Halafu, akiwa amekaa na mkasi mkononi, akawaza mbele kidogo. Mfuko ukiisha, chakula kiko wapi? Kiko ndani ya mtoto. Na mtoto akitoka juani je? Akaona watu wa hospitali wamesahau kulisema hilo kwa sababu ya haraka zao. Akakata tena jora lile lile, akashona mapazia ya madirisha yote mawili, na ushungi wa kumfunika mtoto kichwani mpaka kiunoni.

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hakuna aliyemkataza, kwa sababu hakuna aliyejua. Siku ya kliniki teksi iliegeshwa mlangoni, mtoto akatiwa ndani akiwa amefunikwa, akashushwa mlangoni kwa hospitali. Wauguzi walidhani ndivyo apendavyo kuvaa. Shule Pazia aliionja tu, kama alivyoonja chakula. Uwanja wake ulikuwa na jua na watoto wenye viwiko, mama yake akamtoa. Akakua chumbani, mweupe kama bua lililofunikwa na gunia, akiwa na taa, karatasi, na wembe aliopewa na baba yake.

Kwa wembe ule alijifunza kitu. Alikata maua, majani, ndege, mistari inayopishana kama maji yakitikiswa, na kazi yake ilikuwa safi kiasi kwamba Taratibu alianza kumletea karatasi nzito kutoka kwenye maboksi ya vioo. Alizipanga zile kazi kwenye kizingiti cha dirisha dogo, upande wa karakana, kama mtu anayeuza bila kusema anauza.

Akapita mnunuzi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, mchongaji wa maua kwenye vioo vya milango na makabati, aliyekuwa anakuja kwa Fundi kutoka mji mwingine kununua vioo vya unene maalumu. Alizoea kubishana kuhusu kila kitu, lakini siku hiyo akanyamaza katikati ya ubishi. Alikuwa ameshika karatasi moja kutoka kizingitini, anaitazama dhidi ya mwanga. Akauliza nani amekata. Taratibu akaelekeza kwa kidevu. Yule mama akalishika pazia akalivuta pembeni bila hodi, na Pazia akajikuta uso kwa uso na mtu.

"Mkono huu ni wako?"

"Ni wangu, Mama."

"Nina meza ya kuchongea chini ya dirisha kubwa na nina msaidizi aliyeolewa akaondoka. Mtu anasimama pale kutwa. Unaweza kusimama?"

Pazia hakuwahi kuulizwa swali kama hilo, wala hakujua jibu lake. Akasema anaweza. Na akitaka kumwonyesha kazi nyingine kabla hajabadili mawazo, akageukia droo ya meza. Droo ile ilikuwa inakwama miaka yote. Akaivuta kama watu wanavyovuta droo inayokwama.

Mlio ukasikika karakana nzima. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, ambao kila mtu pale aliujua, na kila fundi akainama kutazama kioo chake mwenyewe. Vioo vyote vilikuwa vizima. Kilichovunjika ni kifundo cha mkono wa Pazia.

Fundi alimtazama yule mama kana kwamba ndiye aliyeivuta droo. Akamwambia ameona mwenyewe, na kazi ya kusimama asiitaje tena nyumbani kwake. Mchongaji hakubisha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alimfuata Pazia mpaka kwenye teksi, akainama dirishani. "Nafasi nitakuwekea," akasema. "Milele siwezi. Lakini nitakuwekea."

Hapo ndipo Pazia alipojua anataka nini duniani. Alitaka ile meza iliyo chini ya dirisha kubwa, na kati yake na meza ile ilikuwa imesimama mifupa yake mwenyewe.

Hospitali wakamfunga plasta, wakampiga picha za mgongo. Kumbe hata huko pingili moja ilikuwa imebonyea. Mgongo ulimuuma muda mrefu, ila hakuwahi kusema, kwa sababu mafundi wote wa baba yake walilalamika mgongo na yeye alidhani ndivyo migongo ilivyo. Kisha akalazwa kwenye mashine ya kupima mifupa, na mkono wake wa chuma ukapita juu yake polepole, kama Taratibu anavyofuta kioo cha mteja asiyeridhika.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi aliyezungumza huku akigonga meza kwa kalamu. Akawaambia mifupa ya binti yao ni myepesi kuliko umri wake, na kwamba hili linawapata vijana wengi wanaolishwa kwa mshipa miaka mingi. Sababu haiwi moja. Ugonjwa wenyewe unakula mifupa, utumbo mfupi hauokoti madini, na chakula cha mfuko kikienda mbio mengine yanaishia kwenye mkojo. Akasema atabadilisha mchanganyiko wa mfuko, pampu iende polepole zaidi, na damu ipimwe. Akasema umri huu ndio mfupa unajijenga, ukishapita kazi inakuwa ngumu, kwa hiyo wasikae. Mwisho akauliza kama mtoto anatoka nje.

"Tunamtunza sana, Daktari," mama akajibu.

Daktari akachukua hilo kama ndiyo, akaandika.

Lakini majibu ya damu yaliporudi, vitamini D ilikuwa imeshuka mpaka akadhani maabara imekosea. Wakapima tena, ikawa ile ile. Akaona hapa kuna kitu nyumbani, akamtuma muuguzi wa kutembelea wagonjwa akakione.

Sista alipoingia chumbani kwa Pazia alijigonga mguu kwenye kitanda. Akauliza kama umeme umekatika.

"Haujakatika, Sista," mama akasema. "Ndivyo tunavyokaa."

Akamwonyesha kila kitu kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi nzuri bila kuonwa. Sinki la kunawia, glavu, friji ambayo haiwekwi kitu kingine, mahali pa sindano zilizotumika, na gauni la mfuko. Sista alisifia kwa moyo, akasema kuna wodi zingekuja kujifunza hapa. Mrija ulikuwa safi, ngozi kifuani safi. Halafu akaligusa pazia la dirisha kwa vidole viwili. Akaugusa ushungi uliokuwa mabegani mwa Pazia. Akaligusa gauni la mfuko. Pazia, ambaye maisha yake yote kazi yake ilikuwa kutazama watu, akamwona Sista anakaa kitandani polepole sana.

"Mama, nani alikuambia umfunike na mtoto?"

"Mtu wa dawa."

"Alisema mtoto, au alisema mfuko?"

Mama akafikiri kwa uaminifu. "Alisema mfuko. Lakini mfuko si unaishia kwa mtoto?"

Sista hakucheka, na kwa hilo Pazia alimpenda tangu siku ile. Alieleza taratibu kwamba mwanga unakiharibu chakula kikiwa mfukoni na kwenye mrija, ndiyo maana vinafunikwa. Kikishaingia kwenye damu, kazi ya kitambaa imekwisha. Mtu mwenyewe anahitaji jua. Ngozi ikipata jua inatengeneza ile vitamini inayouwezesha mwili kuchukua madini na kuyapeleka kwenye mfupa, na kwa mtu mwenye utumbo mfupi hata vidonge havitoshi, inabidi sindano. Akasema pia, akimtazama mama machoni, kwamba kitambaa si sababu yote. Wapo vijana wanaoshinda juani na mifupa yao imepata shida hiyo hiyo. Mama akatikisa kichwa kama anayesikia, akaenda jikoni, na kwa muda mrefu wakasikia sahani safi zikioshwa.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja dirishani. Alilishika pazia la dirisha la uani kwa mikono miwili akalivuta, fimbo yake ikang'oka ukutani pamoja na vumbi la plasta. Jua likaingia likamkuta Pazia na mkono wake wa plasta, amefumba macho.

"Kesho nakuanika," mama akasema.

Na kweli alimwanika. Alimtoa uani asubuhi, jua likiwa bado la upole, akamkalisha kwenye kreti lililopinduliwa kati ya ndoo na kamba ya nguo, na kila akipita alimgeuza kidogo kama shati. Siku ya kwanza Pazia alipiga chafya mfululizo akashika mbavu zake kwa hofu. Mbavu zikavumilia. Taratibu akatoka kuja kutazama. Akazunguka kreti zima. "Kumbe una miguu," akasema. "Na miaka yote hii tunakuhesabia nusu." Mafundi wakajaribu kumpa jina jipya, maana la zamani lilikuwa limepoteza ushahidi, wakakosa. Yale mapazia mama aliyakatakata yakawa vitambaa vya kufutia vioo. Taratibu alisema havijapata kutokea vitambaa vizuri kama vile, havitoi manyoya.

Ila kuna jambo la pili ambalo daktari alilisema, na hilo ndilo lililomshinda Fundi. Mkono ukishapona, asikae. Mfupa usiobeba mwili unalegea. Atembee, asimame, apande ngazi na kushuka, asiiname na mzigo wala asinyanyue kitu kizito. Jua Fundi alilikubali kwa kuwa jua halivunji mtu. Kutembea akakataa. Alikuwa ameusikia ule mlio wa droo kwa masikio yaliyoishi na vioo, na hakutaka kuusikia tena ndani ya nyumba yake. Akamtengenezea kiti cha kulala, chenye godoro na mahali pa kuegemeza miguu, kazi nzuri ya mikono yake mwenyewe. Kila Pazia aliposimama, sauti ilitoka karakana, "Kaa, mama. Kaa."

Akawa anatembea baba yake akienda kupima madirisha ya wateja. Njia yake ilikuwa kati ya zile fremu za vioo, kutoka ukutani mpaka mlangoni na kurudi, na Taratibu akisimama barabarani kama anayepunga upepo. Mwanzo mgongo ulimchoma. Baadaye mgongo ukachoka kumchoma. Alikuwa anajiona kwenye vioo vyote vile akipita, Pazia nyuma ya Pazia, na aliona hasa jinsi mabega yake yalivyoanza kupanda.

Siku moja Fundi akarudi mapema, tena kwa mlango wa uani. Taratibu alikuwa bado anapunga upepo upande wa pili.

"Kaa chini," baba akasema.

Pazia hakukaa. Aliweka kiganja kwenye kioo kikubwa kilichokuwa pembeni yake. "Baba, hiki kwa nini hujakilaza?"

"Nikilaze kivunjike?" Na kwa kuwa alikuwa mwalimu wa mafundi kwa muda mrefu, akaendelea kama anayemfundisha aliyeingia jana. Kioo ukikilaza kinabonyea katikati, sakafu ikiwa na kijiwe kidogo tu kinapasuka kwa uzito wake chenyewe. Ukikisimamisha kinajibeba. Hata safarini kinakwenda kimesimama, anayekilaza garini ni mtu asiyejua —

Taratibu alikuwa ameingia, na alikuwa anafuta kwa bidii kioo ambacho kilikuwa kisafi.

"Mimi umenilaza," Pazia akasema. Hakuinua sauti. "Tangu nina akili zangu nimelala."

"Kioo hakisikii maumivu."

"Ndiyo maana unakiamini?"

Fundi alitoka nje, akakaa muda mrefu kwenye kile kiti cha kulala alichokitengeneza. Asubuhi yake kiti hakikuwepo uani. Na Pazia alipoanza kutembea, wazi sasa, mbele ya kila mtu, baba yake alimfuata nyuma hatua kwa hatua na mikono ameiacha wazi, kama unavyomfuata mtu aliyebeba kioo kirefu kuliko yeye. Ilimchukua muda kuizoesha ile mikono kukaa mifukoni.

Wakaenda hivyo. Sindano, jua, mfuko mpya unaoingia polepole, damu inapimwa, ngazi za kwa jirani mwenye ghorofa zinapandwa na kushukwa mpaka jirani akaanza kumwita mpangaji. Kifundo cha mkono kikaunga. Wembe ukarudi mkononi. Mchongaji alipokuja kununua vioo aliuliza habari za mifupa kama mtu anayeuliza habari za mkwewe, na kila mara alisema bado ameweka nafasi. Halafu siku moja akasema kuna binti mwingine ameomba, mwenye mkono mzuri kiasi. Akabishana na Fundi kuhusu unene wa kioo akaenda zake.

Kipimo cha pili cha mifupa kikafika, na safari hii Fundi alikwenda nao. Daktari akageuza kompyuta yake wote waone. Mstari uliokuwa unashuka ulikuwa umeacha kushuka, tena umeanza kupanda. Mgongo haukuwa umebonyea zaidi. "Mstari haujaufikia wa wenzake," daktari akasema, kalamu ikigonga, "lakini unapanda."

Pazia akauliza kama anaweza kusimama mezani kutwa.

Daktari akasema kusimama ni sehemu ya dawa yenyewe. Akichoka akae. Kioo kizito wabebe wengine. Mfuko kila usiku, sindano kwa wakati, kipimo kila mwaka, na homa yoyote aende hospitali siku hiyo hiyo kwa sababu ya mrija. Hospitali ya mji ule wa mchongaji ingeweza kumletea mifuko yake, ataiandikia.

Fundi akajikohoza. "Daktari, si bora tungoje mwaka mwingine, ufike kabisa ndipo aende?"

"Fundi, huenda usifike kabisa."

Mama akaushika mkoba wake. Pazia alitazama ule mstari kwenye kompyuta, jinsi ulivyoinama kwenda chini na kisha ukaamua kugeuka, na akajua anaweza kuukata kwa wembe bila hata kuchora kwanza.

"Basi nitakwenda nao hivyo ulivyo," akasema.

Siku zilizofuata Fundi hakusema ndiyo wala hapana. Alikata vioo. Mama ndiye aliyesafiri kwenda kukagua, akarudi na taarifa kamili. Chumba ni kikavu, sinki liko karibu, mchongaji amesafisha rafu ya chini ya friji yake huku akilalamika kwamba maji yake ya baridi sasa yatakaa na chakula cha watu. Dirisha ni kubwa. Mwisho mama akaongeza kwamba pazia hakuliweka.

Usiku wa mwisho, Pazia akiwa amejiunganisha na pampu imeanza kunguruma, baba yake akasimama mlangoni mwa chumba.

"Na ukivunjika?"

"Nitafungwa plasta, Baba. Nitaunga. Si umeona nimeunga?"

"Ukiwa peke yako?"

"Yule mama ana sauti ya kufika hapa. Utasikia kabla yangu."

Fundi akacheka akiutazama mlango, si binti yake. Akalitazama gauni jeusi la mfuko, akalinyoosha pembe moja iliyokuwa imejikunja, akaenda kulala.

Asubuhi Pazia alikunja kitambaa ncha kwa ncha. Safari hii hakukiweka juu ya mto, alikitia mkobani. Hakukohoa pia. Mama yake alikuwa ameshasimama pale, wala hakukuwa na haja.

Gari la mchongaji liliegeshwa barabara kubwa, huko nje ya mtaa, kwa sababu mtaa wa karakana haukuwa na pa kugeuzia. Mizigo ilikuwa imeshapelekwa, na lile boksi la baridi lenye mifuko Taratibu alilibeba mwenyewe akilikumbatia kama mtoto mchanga. Pazia alibaki na mkoba mwepesi begani. Alipita kati ya fremu, akajiona kwenye vioo, Pazia nyuma ya Pazia, wote wamesimama wima.

Bawa moja la mlango lilikuwa wazi, kama siku zote, na lilitosha kabisa mtu kupita. Lakini Fundi aliweka kikatio chake mezani. Akaenda kwenye lile bawa lililofungwa, akainama akavuta komeo la chini, akanyanyuka akavuta la juu, lililokuwa na kutu, akalisukuma kwa bega mpaka likafunguka lote. Vumbi likaanguka. Mafundi wakaona, wakaweka vyombo chini mmoja mmoja.

Pazia akatoka katikati ya mabawa mawili.

Alikuwa ameshavuka mtaro mama yake alipokumbuka kwamba hajamkumbusha habari ya glavu za akiba. Akafungua mdomo. Fundi akainua kidole kimoja, kile alichozoea kukiinua, na mama akafunga mdomo. Hakuna aliyemwita. Pazia alikwenda kichwa wazi, jua likimpiga, wala hakuharakisha, akapita duka la rangi, akapita ngazi za yule jirani mwenye ghorofa, akakata kona, na kwenye chumba kile hakurudi tena.